ORS Haizuii Kuharisha, na Hiyo Ndiyo Sifa Yake

Kuna sentensi moja inayosikika hosteli kila msimu wa mvua, matumbo ya watu yanapoanza kuvurugika: "ORS nimekunywa, haijafanya kazi." Ukiuliza haijafanya kazi kivipi, jibu ni lile lile: "Si bado naharisha!" Basi pakiti zilizobaki zinatupwa juu ya kabati, mtu anashuka duka la dawa kununua Flagyl, anapitia na soda baridi ya kumrudishia nguvu, anarudi kulala. Rafiki anayemjali sana atamshauri akatundikiwe dripu, maana dripu ndiyo matibabu ya mtu mzima, ORS ni ya watoto wa kliniki.

Mimi nasema hivi: ORS haikuwahi kuahidi kwamba itazuia kuharisha. Kazi hiyo si yake. Anayeipima kwa kuhesabu safari za chooni ni sawa na mtu anayelaumu mwavuli kwa sababu mvua haijakatika. Lakini huyo mtu simlaumu. Nani alishawahi kumwambia mwavuli ni wa nini?

Nasoma udaktari, na kila aliyepita fani za afya anaijua ile picha. Seli moja imechorwa kama boksi, mishale inaingia na kutoka, herufi zimejaa kila kona. Imo kwenye madesa tangu enzi za kaka zetu. Watu wanaikariri usiku wa kuamkia UE, wanaimwaga kwenye karatasi, wanaiacha humo humo ndani ya chumba cha mtihani. Picha hiyo inaeleza namna seli za ukuta wa utumbo zinavyoitoa kloridi na namna zinavyoizuia. Hoja yangu ni kwamba picha hiyo si mali ya madaktari. Ni mali ya kila mwenye tumbo. Tukiieleza kwa Kiswahili cha kawaida, ile sentensi ya hosteli itakufa yenyewe.

Maji hayaendi peke yake

Tuanze na hesabu. Mtu mzima anaingiza maji kama lita 2 kwa siku, ukichanganya anayokunywa na yaliyomo kwenye chakula. Juu ya hayo, mwili wenyewe unamwaga kama lita 7 ndani ya njia ya chakula: mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Jumla inafika karibu lita 9. Katika hizo zote, kinachotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu, hata glasi haijai. Yaliyobaki yote yanarudishwa kwenye damu. Kwa hiyo kuharisha, kabla hakujawa aibu na usumbufu, ni hesabu iliyovurugika: utumbo umemwaga kuliko kawaida, au umeshindwa kurudisha, au yote mawili.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui: mwilini hakuna pampu ya maji. Seli haiwezi kuyashika maji na kuyasukuma. Inachoweza ni kusukuma chumvi, na maji yanaifuata chumvi ilikokwenda. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi. Utumbo unapotaka kumwaga maji, anayetangulizwa ni kloridi.

Inakuwaje? Chukua seli moja. Upande mmoja imeegemea damu, upande wa pili inatazama ndani ya utumbo, chakula kinakopita. Upande wa damu kuna pampu isiyolala: inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, ikila nishati muda wote. Pampu hii aliigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kwa kuwa sodiamu imepunguzwa ndani ya seli, ile ya nje inatafuta kila upenyo wa kurudi. Upenyo mmojawapo uko upande huo huo wa damu, unaitwa NKCC1. Huu una masharti kama daladala ya kituo cha mwanzo, haiondoki mpaka siti zijae: sodiamu 1, potasiamu 1, kloridi 2, ndipo wote wanaingia pamoja.

Wakishaingia, sodiamu inatolewa tena na ile pampu. Potasiamu inarudi nje kupitia matundu yake, na kutoka kwake kunaiacha seli na chaji hasi kwa ndani. Kloridi nayo ina chaji hasi, kwa hiyo inajazana humo na kusukumwa itafute pa kutokea. Upande wa ndani ya utumbo kuna mlango wake, unaitwa CFTR. Mlango ukifungwa, kloridi inasubiri. Ukifunguliwa, inamwagika utumboni. Sodiamu yenye chaji chanya inavutwa nyuma yake, ikipenya katikati ya seli na seli. Maji yanafuata. Basi. Huo ndio mzizi wa choo cha majimaji.

Haya hayakutoka kichwani mwa mtu. Mwaka 1951 Hans Ussing na mwenzake, huko Copenhagen, walichapisha kazi waliyoifanya kwa ngozi ya chura. Waliibana katikati ya vyumba viwili vyenye maji ya chumvi, wakapima umeme unaopita. Umeme ule ulikuwa ni chumvi inayosukumwa na seli hai. Baadaye watafiti wengine wakaweka kipande cha utumbo wa sungura badala ya ngozi ya chura, na mlango wa kloridi ukaanza kueleweka. Chombo hicho hadi leo kinaitwa kwa jina la Ussing. Ni chombo rahisi kiasi kwamba ningetamani kila mwanafunzi wa fiziolojia akiguse angalau mara moja kabla hajakariri mishale.

Swichi iliyokwama

Mlango huo haufunguki ovyo. Funguo yake kubwa ni kemikali ndogo ndani ya seli iitwayo cAMP. Neva na homoni zikileta taarifa kwamba chakula kinapita na njia inahitaji ulaini, seli inatengeneza cAMP, cAMP inaamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinaufungua mlango. Maji kidogo yanatoka, ute unalainika, uchafu na vijidudu vinasukumwa mbele. Kisha vimeng'enya vingine vinaivunja cAMP na mlango unafungwa. Kuna njia nyingine inayotumia kalsiamu. Hiyo inashtuka haraka na kutulia yenyewe. Ukiangalia kwa jumla, huu ni utaratibu wa heshima kabisa: fungua, lainisha, funga.

Na mlango wenyewe si adui. Jini inayoutengeneza ilipatikana mwaka 1989, kwa kazi ya pamoja ya Lap-Chee Tsui na John Riordan wa Toronto na Francis Collins wa Michigan. Waliipata wakitafuta chanzo cha ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambapo mlango huo una hitilafu tangu kuzaliwa. Wagonjwa hao wana ute mzito mapafuni, na baadhi ya watoto wao huzaliwa utumbo ukiwa umeziba. Kwa hiyo usiombe mlango ufe. Omba ujue kufunga.

Shida inaanza swichi ikikwama. Mfano ulio wazi kuliko wote ni kipindupindu. Zamani madaktari wengi waliamini kipindupindu kinauchubua ukuta wa utumbo, ndiyo maana maji yanamwagika kama kwenye ndoo iliyotoboka. Mwaka 1959 Sambhu Nath De, akifanya kazi Calcutta, alichapisha jaribio lililotosha kuivunja imani hiyo. Alikuza bakteria wa kipindupindu kwenye maji, akawachuja wote wakabaki nje, akaweka yale maji yasiyo na bakteria hata mmoja kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa ncha zote mbili. Utumbo ukajaa maji. Maana yake bakteria hahitaji kutafuna chochote. Anatoa sumu, na utumbo wenyewe, ukiwa mzima, unamwaga.

Leo tunajua sumu ile inaingia ndani ya seli na kukikwamisha kiungo kinachowasha utengenezaji wa cAMP. Kinawaka na hakizimiki. cAMP inajaa, mlango unabaki wazi, kloridi inakwenda, sodiamu inakwenda, maji yanakwenda. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, choo chake kikifanana na maji yaliyooshewa mchele, na chumvi iliyomo ikikaribia ile ya damu. Baadhi ya bakteria wa kundi la E. coli, wale wanaowapata sana wasafiri, wana sumu inayofanya jambo hilo hilo, na nyingine inayotumia kemikali ya jirani iitwayo cGMP. Virusi vya rota navyo vina njia yake, ikiwemo ile ya kalsiamu.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Seli iliyokwamishwa na sumu ya kipindupindu haikwamuliwi na kinywaji chochote. Kwa kawaida inabaki hivyo mpaka izeeke na kubanduka, na nyingine mpya ichukue nafasi yake. Bahati nzuri seli za utumbo hazikai sana, zinabadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Lakini siku hizo ni nyingi mno kwa mtu anayepoteza lita kila saa. Swali basi si "nizuieje?" Swali ni "nitaishije mpaka seli mpya zije?"

Mlango wa pili

Jibu lilikuwa kwenye seli zile zile. Mwezi Agosti mwaka 1960, kwenye mkutano Prague, Robert Crane alieleza kwamba utumbo una mlango mwingine kabisa, wa kuingizia, ambao unapokea sodiamu na glukosi zikiwa zimeshikana mikono. Glukosi peke yake haipiti, sodiamu peke yake haipiti. Zikija pamoja, sodiamu 2 kwa glukosi 1, zinaingia, na kloridi na maji vinafuata nyuma. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huu. Yaani wakati kloridi inamwagika upande mmoja, upande mwingine njia ya kurudishia iko wazi, inasubiri mtu alete sukari na chumvi kwa pamoja.

Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, pamoja na wenzao wa Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa mchanganyiko huo kwa kufuata kiasi wanachopoteza, mahitaji ya dripu yanashuka sana. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowajaza wakimbizi India, dripu zikaisha kwenye kambi ya Bangaon. Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye madumu, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la The Lancet likaandika kwamba huenda huo ukawa ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile. Sukari na chumvi, jamani.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya hosteli. ORS haigusi mlango wa kloridi. Haijui hata kama upo. Inafanya kazi kwenye mlango wa pili, inarudisha kwenye damu kile ambacho mlango wa kwanza unakipoteza. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa ORS, ikafanya kazi yake barabara, ikamwokoa, na wakati huo huo akaendelea kwenda chooni vile vile. Mwanafunzi mmoja niliyekaa naye chumba kimoja aliiacha baada ya saa 3 kwa sababu hiyo hiyo tu, akaanza kunywa maji matupu na soda. Nilimuuliza swali moja: "Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi?" Hakukumbuka hata mara moja. Tukaanza upya, vikombe vidogo vidogo. Jioni akakojoa, kizunguzungu kikaisha. Kuharisha kukaendelea hadi siku iliyofuata.

Kipimo cha ORS ni mkojo, si choo. Kama kuna jambo moja la kuondoka nalo kwenye makala hii, ondoka na hilo. Mkojo unatoka na rangi yake imefifia, mdomo una mate, ukisimama huoni nyota: ORS inafanya kazi, hata kama choo bado ni maji.

Ukiuelewa mlango wa pili, mambo mengine yote yananyooka bila kukariri. Maji matupu hayatoshi kwa sababu hayana sodiamu wala glukosi ya kufungua mlango. Soda haifai kwa sababu sukari yake imezidi na chumvi karibu haimo. Sukari iliyozidi inabaki utumboni na kuvuta maji kutoka kwenye damu, yaani unaongeza kuharisha kwa pesa yako mwenyewe. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, haliwezi kusimama badala ya ORS. Ndiyo maana pia pakiti inachanganywa na lita 1 kamili, si kikombe kimoja "ili iwe kali".

Fomula ya sasa, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita, sawa kwa sawa. Fomula ya zamani ilikuwa nzito zaidi, 90 kwa 111, na ilipunguzwa kwa sababu ile nyepesi inasaidia hata choo kupungua kidogo na inawapunguzia watoto haja ya dripu. Kama pakiti hakuna kabisa, ukiwa nyumbani unaweza kutumia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, kwenye lita 1 ya maji safi na salama. Usizidishe chumvi kwa kudhani unaongeza dawa.

Goma, 1994

Kuna atakayesema: "Sawa, lakini haya ni mambo ya kuelimishana tu, hakuna anayekufa hosteli." Namwomba aangalie Goma, jirani yetu wa Kiswahili hapo Kongo. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikawapokea. Ndani ya mwezi wa kwanza, karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kuharisha.

Wataalamu kutoka Bangladesh, waliozoea kipindupindu kama sisi tulivyozoea malaria, walifika kusaidia na kisha wakaandika walichokiona. Vituo vya matibabu vilikuwepo. Wahudumu walikuwepo. Lakini maji yalirudishwa mwilini polepole mno, ORS haikutumika vya kutosha, na baadhi ya dripu zilizotundikwa hazikuwa za aina inayofaa. Bakteria nao walikuwa sugu kwa baadhi ya antibayotiki zilizozoeleka. Kwa maneno mengine, watu wenye nia njema na elimu nzuri walikuwa na vifaa mikononi bila kuwa na ile hesabu kichwani: kinachotoka, kirudishwe, kwa kasi ile ile na kwa chumvi ile ile.

Siandiki haya kumsimanga mtu aliyekwenda kuokoa maisha katikati ya balaa. Naandika kwa sababu sisi ndio tutakaokuwa kwenye hema la namna hiyo kesho. Nchi yetu inapambana na kipindupindu tangu miaka ya 1970, na wengi wenu mnakumbuka mlipuko wa 2015 ulioanzia Dar es Salaam ukaenea mikoani. Ukifika ule mwingine, hakutakuwa na muda wa kufungua desa.

Wanaonipinga

Nimeyasema haya vimbwetani na nimepingwa, na baadhi ya hoja zina uzito.

Wa kwanza anasema mwananchi hahitaji CFTR, mwambie tu anywe. Nakubali hahitaji herufi hizo. Lakini amri bila sababu haidumu. "Kunywa ORS" bila maelezo inageuka "kunywa dawa ya kuzuia kuharisha", na dawa isiyozuia inatupwa. Maelezo ndiyo yanayomfanya mtu avumilie kikombe cha kumi. Na yanaingia kwenye sentensi mbili: mlango wa kumwaga umekwama, utajifunga wenyewe baada ya siku chache. Wewe tumia mlango wa kurudishia.

Wa pili anauliza kwa nini tusitafute dawa ya kuufunga ule mlango wa kloridi. Swali zuri, na sayansi imo humo. Mwishoni mwa 2012 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo krofelema, inayotokana na utomvu wa mti wa Amerika Kusini, kwa wenye VVU wanaoharisha wakiwa kwenye matibabu. Inapunguza kloridi inayotoka. Mwaka huo huo ikaidhinishwa linaklotidi, ambayo inafanya kinyume: inabonyeza kitufe kile kile kinachobonyezwa na mojawapo ya sumu za E. coli, ili mwenye kufunga choo apate maji. Kitufe ni kilekile, kwa mmoja ni ugonjwa, kwa mwingine ni tiba. Inavutia, na natamani siku moja maabara zetu zifanye kazi hiyo. Lakini anayeharisha leo hangojei utafiti wetu uishe.

Hapo hapo niseme: zile dawa za dukani za "kufunga tumbo" kazi yao kubwa ni kupunguza mwendo wa utumbo. Kwenye kipindupindu mlango unaweza kuendelea kumwaga huku maji yakijikusanya tumboni. Chooni huendi, lakini damu bado inakauka.

Wa tatu anatetea dripu. Simpingi. Mtu aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye mapigo yake hayashikiki, huyo ni wa dripu, haraka, na kuchelewa ni kifo. Ninachopinga ni kuifanya dripu cheo, kwamba aliyetundikiwa katibiwa na aliyepewa pakiti kadharauliwa. Dripu inaingiza chumvi na maji kupitia mshipa. ORS inaviingiza kupitia mlango ambao mwili tayari unao. Mwisho wa safari ni damu ile ile.

Kuhusu Flagyl, nitasema wazi. Ina magonjwa yake, kama amiba na jiadia. Haiui virusi na si dawa ya kipindupindu. Kwenye kipindupindu kikali daktari ataongeza antibayotiki inayofaa ili kufupisha ugonjwa, baada ya maji, si badala ya maji. Choo kikiwa na damu, homa ikipanda, kama unatapika kila unachokunywa, kama hukojoi au unasinzia ovyo, usijitibu. Nenda kituo cha afya, na njiani endelea kunywa.

Tufanye nini

Nina mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Serikali ya wanafunzi, kupitia Waziri wa Afya, iweke pakiti za ORS kwa wasimamizi wa kila hosteli kabla mvua hazijaanza, pamoja na chupa ya kupimia lita 1. Si mradi wa mamilioni. Ukutani, karibu na mabomba, liwekwe bango lenye maneno machache ya Kiswahili: "ORS haizuii kuharisha. Inarudisha maji. Angalia mkojo, usihesabu choo."

Walimu wetu tunaowaheshimu watusaidie kuigeuza ile picha. Lekcha ianze kwa mgonjwa anayepoteza lita 1 kwa saa, kisha iulizwe: anapoteza nini, kupitia wapi, na tuna mlango gani mwingine? Mishale itafuata yenyewe na haitasahaulika. Na kwenye mtihani liwepo swali moja tu la aina hii: mweleze mama mwenye mtoto anayeharisha kwa nini aendelee kumpa ORS ingawa choo hakijakoma. Tusisahau zinki kwa mtoto huyo, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Anayejibu vizuri swali hilo kwa Kiswahili ameielewa NKCC1 kuliko aliyeichora bila kukosea herufi.

Wanachuo wa fani nyingine, wa sheria, ualimu, uhandisi, biashara, msiseme haya hayawahusu. Mkienda likizo, nyumbani mnaulizwa kila kitu kwa sababu "mko chuo". Shangazi akikuambia mtoto amepewa ORS na haijamsaidia, usikimbilie kumtajia dawa. Muulize mtoto amekojoa lini, anakunywa au anakataa, yuko macho au analegea. Akiwa analegea, mkimbizeni kituo cha afya. Akiwa anakunywa, mwambie shangazi aendelee, kijiko kwa kijiko, na ziwa asimnyime. Mlango mmoja ukikwama, mwingine upo.